"Leseni ya Kimataifa": Istilahi Inayopotosha

Istilahi "leseni ya kimataifa ya udereva" imekwisha kuzoeleka vinywani na magazetini. Hata hivyo, mazoea si kigezo pekee cha ubora wa istilahi. Yafaa tuipime kwa kazi ya kitu chenyewe.

Kitu hicho ni kijitabu chenye jalada la kijivu, ambacho muundo wake umewekwa na Mkataba wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Kazi yake ni kueleza kwa lugha kadhaa yaliyomo katika leseni ya nchi ya dereva, ili askari wa ugenini ayaelewe. Hakimpi dereva daraja jipya la gari, wala hakitumiki katika nchi iliyokitoa. Kile cha 1949 hudumu mwaka 1. Cha 1968 hakizidi miaka 3, wala hakiendelei leseni yenyewe ikiisha muda.

Sasa tuyatazame maneno. "Leseni" humwambia Mswahili kwamba amepewa haki. "Kimataifa" humwambia kwamba haki hiyo ni kubwa kuliko ya nyumbani. Yakiunganishwa, huzaa maana ya leseni kuu inayoimeza ile ndogo. Msafiri mwenye kuyaamini ataiacha leseni yake kabatini, na huko aendako aweza kuhesabiwa kuwa hana leseni kabisa. Istilahi itakuwa imemponza.

"Kibali cha kimataifa" nacho hakiondoi kasoro hiyo, kwani kibali ni ruhusa. Twapendekeza "tafsiri ya kimataifa ya leseni". Ni ndefu kidogo, lakini inamkumbusha mtu kwamba tafsiri huandamana na matini yake.

Kasoro iliyo jirani na hiyo imo katika "kipilefti". Neno hili, lililotokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, halina madhara Dar es Salaam. Lakini dereva avukaye daraja la Rusumo kuingia Rwanda huhamia upande wa kulia. Akilifuata jina hilo huko, atakabiliana uso kwa uso na magari ya wenzake. "Mzunguko" halitaji upande, kwa hiyo lafaa ng'ambo zote mbili za mpaka.

Tunawaomba wasanifu wa istilahi na waandishi wa vitabu vya madereva wayapime mapendekezo haya kabla matoleo mapya hayajachapwa.