Shule iliwapa nini Sauti Sol?

Jumamosi iliyopita vijana wa kikundi changu walibishana mpaka giza likaingia. Mmoja alisema Sauti Sol walifaulu kwa sababu ni watoto wa Nairobi. Mwingine akasema hapana, kipaji ni kipaji, hata ukizaliwa ndani ya hema. Mimi nikatafuta pa kuchaji simu, nikasikiliza Mwanzo, albamu yao ya kwanza ya 2008, nikairudia tena.

Wengi hawajui kwamba Bien, Savara na Chimano walisoma shule moja, Upper Hill pale Nairobi. Waliimba nyimbo za injili katika kikundi kilichoitwa Voices in the Light, bila chombo chochote. Polycarp, mpiga gitaa, hakutoka shule hiyo. Walikutana naye baadaye Alliance Française. Kwa hiyo yule kijana wa kwanza hakukosea kabisa: mji ulikuwa na mahali pa kukutana na mtu kama Polycarp.

Lakini sikiliza Lazizi vizuri. Gitaa liko peke yake, halafu sauti zinaingia, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Mmoja akipanda, wengine wameshamwachia nafasi. Hicho si kipaji cha mtu mmoja. Ni watu waliokoseana na kusahihishana siku nyingi, mpaka kila mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi wapi. Hata Blue Uniform, wimbo unaowagusa polisi, hawapigi kelele. Neno gumu wanalisema kwa upole, nawe unalisikia zaidi.

Halafu ikaja Sura Yako, 2014. Hapa kambini nani hakuicheza? Hata mimi niliicheza, na mama zangu wadogo wakanicheka. Mwaka huohuo walishinda tuzo ya MTV Ulaya kama wasanii bora wa Afrika, na walistahili. Ila kwa masikio yangu, ngoma na mashine zilianza kuzifunika zile sauti. Najua wengine wataita hayo ukuaji. Mimi nawapenda zaidi pale ninapoisikia ile kwaya ya shule ndani yao, kama kwenye video ya Kuliko Jana, wanapoimba na RedFourth Chorus kwa sauti tupu. Miaka imepita, umaarufu umekuja, bado wanajua kusikilizana.

Basi shule iliwapa nini? Si mwalimu wa ajabu, si studio. Iliwapa watu walewale, siku baada ya siku, kwa miaka.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na ndugu zetu wa mashirika, ambao najua wanasoma ukurasa huu. Tuliwahi kupata mafunzo ya muziki ya wiki mbili. Tulipewa fulana, cheti, tukapigwa picha, na kinanda kikarudi ofisini kikafungiwa. Ripoti bila shaka ilisema vijana wamejengewa uwezo. Wiki ya tatu walikuja wanne kati ya kumi na tisa. Sasa nani angekuwa Sauti Sol kwa wiki mbili? Hata wao wasingekuwa.

Najua kambi si shule. Mtu anaitwa kwa safari ya Kanada au Marekani, anaondoka, nasi tunafurahi na kulia siku moja. Hilo halina wa kulaumiwa. Lakini wanaobaki wangeweza kubaki pamoja, wakipewa chumba na siku maalum, hata bila fulana.

Kuna chumba nyuma ya maktaba, huwa kitupu kuanzia saa kumi jioni. Nimeomba ufunguo mara tatu, najibiwa niandike pendekezo. Nimeshaliandika. Kwa sasa tunaimbia chini ya tangi la maji, na yule dada anayetuimbia sauti ya juu anasafiri Alhamisi.