Fundi Anayesoma Plagi

Pongezi ziwaendee mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wasiokimbilia kukuuzia kitu. Mpelekee mmoja wao Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, iliyokwisha kula kilomita laki tatu: kwanza atafungua plagi zote nne na kuzipanga kwa kufuata silinda. Kahawia hafifu, injini inachoma vizuri. Masizi makavu, petroli imezidi. Ikilowa oili, huenda ringi zimechoka, na hapo atakwambia ukweli ninaomheshimia: plagi za iridiamu ni ghali na oili itazichafua vilevile; nunua za kawaida, namba ileile ya kiwandani. Anapima mwanya, milimita 0.8, kisha anaanza kuzifunga kwa vidole, maana silinda hedi ni ya aluminiamu, hesi zake huliwa upesi.