Mkono Usiogusa

Ukitaka kumjua mtaalamu wa viungo anayeiweza kazi yake, mtazame mkono wake wakati mzee anapoinuka kitini. Sisi wajukuu humkimbilia bibi, tukamshika kwapani na kumnyanyua. Mtaalamu husimama ubavuni, nusu hatua nyuma, kiganja wazi karibu na kiuno, wala hamgusi. Wengine humfunga bibi kanga kiunoni kwanza, wapate pa kushika mambo yakiharibika. Bibi anayumba. Mkono hausogei. Nyayo zinahangaika, zinaipata sakafu, mwili unajiweka sawa wenyewe.

Akimshika mapema, misuli haijifunzi kitu. Akichelewa, nyonga inavunjika. Nafasi iliyobaki hapo katikati ni finyu, naye anakaa humo asubuhi nzima huku akiulizia habari za watukuu. Hata hayo maongezi ni kipimo. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wazee wanaokatiza mwendo ili wajibu wanaposemeshwa wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka.

Kipimo kingine kinataka kiti, mita 3 za sakafu na saa: inuka, nenda, geuka, rudi, keti. Zikifika sekunde 12, kuna jambo la kushughulikia. Ila jicho la mtaalamu liko zaidi kwenye kule kugeuka, na kwenye vidole vinavyopapasa ukuta.

“Bibi, sogea ukingoni mwa kiti. Vuta nyayo nyuma. Sasa inama, pua ivuke vidole vya miguu.”

“Nitaanguka, mwanangu.”

“Nipo hapa, bibi. Inama.”

Mzee mwenye hofu huegemea nyuma na kujivuta juu, akarudi kitini puu! Akithubutu kuinama, uzito unahamia miguuni na makalio yanaondoka yenyewe. Hapo familia, isiyodhani kwamba hiyo ndiyo tiba, humuuliza mtaalamu ataanza lini kuchua.

Mpango unaosifika sana wa mazoezi ya kuzuia kuanguka ulitoka Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ukajaribiwa kwanza kwa wanawake wa miaka 80 na zaidi, nyumbani kwao. Majaribio yake yalipunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja. Ninachokistahi ni subira yake: mara 3 kwa wiki, uzito mdogo kifundoni, kisha ulioongezwa kidogo, kusimama ukishika meza kwa mikono miwili, halafu mmoja, halafu bila kushika. Uzito kwetu unaweza kuwa kifuko cha mchanga.

Akifika nyumbani, mtaalamu mzuri huomba kwanza aonyeshwe njia ya chooni. Kizingiti, ukingo wa mkeka uliojikunja, ndoo iliyoachwa mlangoni, ndala zilizolegea: anaipita yote polepole, kwa mwendo wa bibi.

Somo la mwisho ni lile ambalo wengi hulikwepa, kuinuka kutoka chini. Analigawa vipande na kulianzia mwisho. Leo goti moja lishuke kando ya kiti imara, kisha lipande. Likizoeleka, magoti mawili. Baadaye kutambaa, na siku nyingine kabisa kulala chali mkekani, kugeuka ubavu na kukifuata kiti. Jambo zima huchukua muda, na ndugu anayenyanyuka kusaidia huombwa kwa adabu akae.