Sauti ya Nani? Ufeministi, Uuguzi na Kiswahili cha Nakivale

Nadharia ya ufeministi si ngeni kwa wanafunzi wetu. Wengi wameitumia kuhakiki riwaya na tamthilia. Wachache wanajua kwamba wauguzi nao huitumia katika kuwahoji wagonjwa. Tangu miaka ya 1980, wataalamu kama Peggy Chinn wa Marekani wamesisitiza kwamba uuguzi, kazi iliyodharauliwa kwa kuwa wengi wa waifanyao ni wanawake, uchunguzwe kwa jicho la wanawake wenyewe. Ann Oakley wa Uingereza aliandika mwaka 1981 kwamba mtafiti asimsaili mama kama askari: mama akiuliza swali, naye ajibiwe.

Mwelekeo huu tunauunga mkono. Lakini ukifika Nakivale unapungukiwa na kitu kimoja, nacho ni lugha.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mwa Mbarara, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na kwa wengi wao Kiswahili, hasa kile cha mashariki ya Kongo, ndicho cha kuelewana. Mtafiti atokaye Mbarara huja na Kiingereza na pengine Runyankole. Kati yake na mama anayehojiwa huketi mkalimani. Ripoti inapotoka, maneno ya mama yameshakuwa Kiingereza safi, na yale aliyoyatamka mara nyingi hayaonekani hata katika kiambatisho. Sasa hiyo "sauti ya mwanamke" ni ya nani?

Tuchukue kitenzi kuuguza. Kinatokana na kuugua. Kumuuguza mtu ni kuwa naye katika ugonjwa wake. Mwenye sare na mshahara ni muuguzi, lakini mama aliyelala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, anayemwogesha, kumlisha na kumfulia, naye anauguza. Kiswahili kimewaweka wawili hawa katika kitenzi kimoja. Kiingereza mara nyingi huwatenganisha. Mkimbizi akisema, "Nimeuguza miezi miwili," kisha tafsiri ikasema kwamba mtoto wake alikuwa mgonjwa, miezi miwili ya kazi imefutwa. Na kufutwa kwa kazi ya namna hiyo ndiko ufeministi ulikokuja kukupinga!

Tena kuna viambishi. "Alinifokea" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua, na ni rahisi muuguzi kugeuzwa mwanamke na daktari mwanamume bila mtu kuuliza.

Sisi wenyewe hatujasalimika. Tuliwahi kuletewa fomu ya kumwomba mhojiwa idhini, tuihariri. Tuliirudisha ikiwa sanifu kabisa: ridhaa, usiri, pasipo shuruti. Mama mmoja kutoka Kivu ya Kusini aliposomewa, aliuliza kama Ridhaa ni jina la mradi. Kisha akasema atatia dole gumba vyovyote vile, maana mwenye karatasi hakataliwi. Sarufi yetu haikuwa na kosa, na mama hakuwa ameridhia chochote.

Ndiyo maana tunapendekeza ripoti hizi zichapishe Kiswahili cha mhojiwa kama kilivyotamkwa, pamoja na tafsiri yake. Mkalimani naye aelezwe: ametoka wapi, anazungumza Kiswahili kipi, ana uhusiano gani na anayehojiwa. Huenda ni jirani yake, nyumba ya tatu.