Ustadi wa Kuvunja Chembe

Koti la dunia, yaani tabaka nene la miamba lililo kati ya ganda na kiini, halijawahi kufikiwa na mchimbaji yeyote, lakini volkano huleta juu chembe zake zikiwa zimenasa giligili, yaani gesi na vimiminika, katika viputo vyembamba kuliko unywele. Kuvisoma viputo hivyo ni kazi ya mikono yenye adabu, kwa sababu kiputo kikishapasuka hakizibiki tena.

Kazi huanza kwa macho. Fundi hulisugua jiwe hadi lipitishe mwanga, akaliweka chini ya hadubini, akaligandisha, kisha akalipasha joto polepole huku akikitazama kiputo kimoja tu. Barafu iliyomo ikiyeyuka kwenye nyuzi 56.6 chini ya sifuri, hutambua kwamba ni kaboni dioksaidi safi. Ikiyeyuka kabla ya hapo, hujua kwamba imechanganyika na gesi nyingine, na hadi hapo kiputo kingali kizima.

Ugumu huja pale heliamu inapotafutwa. Chembe za olivini, madini ya rangi ya kijani, huchambuliwa moja moja kwa kibanio kama mchele unavyochaguliwa mawe, zikatiwa katika chombo cha chuma kilichoondolewa hewa yote, zikavunjwa. Hazianzi kwa kuyeyushwa, kwa kuwa uraniamu na thoriamu zinapooza huzalisha heliamu-4 ndani ya madini yenyewe, na moto ungeichanganya heliamu hiyo changa na ile ya kale iliyomo viputoni. Hata kuvunja kuna kiasi chake, maana kusaga kupita kiasi huanza kuitoa ile isiyotakiwa. Kabla ya yote, chombo hupimwa kikiwa kitupu, ili gesi yake isihesabiwe kuwa ya jiwe.

Kwa uangalifu wa namna hiyo, David Hilton na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba miamba ya volkano za Rungwe, kusini mwa Tanzania, ina uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4 unaofikia mara 15 ya ule wa hewa, ilhali lava za migongo ya bahari huwa na takriban mara 8. Kwa kuwa heliamu-3 nyingi hivyo huashiria chanzo kilicho ndani zaidi, tofauti hiyo iliwaelekeza kwenye mwamba wa moto unaopanda kutoka kina kirefu cha koti. Habari nzito namna hiyo husimama juu ya mkono wa fundi aliyejua wakati wa kuacha kusaga.