Mishororo Mitatu ya Mwigaji

Mwigo si aibu ya sanaa. Aibu ni kuishia papo. Jambo hili ladhihirika katika dethi metali, muziki wa magitaa mazito na sauti ya kunguruma. Mwaka 1990 kundi la Entombed la Stockholm, Uswidi, lilitoa albamu ya Left Hand Path, iliyorekodiwa katika studio ya Sunlight chini ya Tomas Skogsberg. Mkwaruzo wa magitaa yake, mithili ya msumeno, ulitokana na pedali ya HM-2 ya kampuni ya Boss, iliyofunguliwa hadi mwisho. Mwaka 1991 Dismember walitoa albamu waliyoirekodi katika studio iyo hiyo, kwa mkwaruzo wa namna hiyo, lakini wakautilia mahadhi ya kuimbika. Wakawa na sura yao.

Mtunzi wa takhmisi naye huazima mishororo miwili ya mwenziwe, akaongeza mitatu yake. Hapimwi kwa ile ya kuazima. Makundi mengi yaliyofuata yalinunua pedali, yakaisahau mishororo mitatu. Nao Entombed, kufikia Wolverine Blues ya mwaka 1993, walikwisha kugeukia mwendo wa roki. Waigaji wakabaki kulinda nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuihama.