Msikilize Wakili Anavyouliza

Fika Kituo Jumuishi cha Temeke saa mbili asubuhi, kabla mashauri hayajaanza kuitwa, utaona suti nyeusi za aina tatu. Wapo waliokunja joho mkononi na mafaili kwapani, wanapita haraka bila kumtazama mtu. Nyuma yao wapo vijana waliomaliza chuo juzi, wamebeba mafaili mazito zaidi. Halafu wapo wasiokwenda popote. Hawa husimama karibu na geti, na mama yeyote mwenye bahasha ya kaki humsogelea kwa upole: "Shikamoo mama. Shauri la ndoa? Usihangaike, nina wakili mzuri hapa hapa."

Hao ndio vishoka, yaani mawakili bandia, na madalali wao, na laiti wangejulikana kwa sura nisingekuwa na la kuandika. Ila suti zao wakati mwingine ni nzuri kuliko za mawakili wenyewe.

Mimi si wakili. Nimekuwa nikiandika habari za mahakama, na tangu kituo kile kianze kusikiliza mirathi na mashauri ya familia mwaka 2021, nimekalia mabenchi yake kama fundi cherehani anayetazama mishono ya wenzake. Baada ya muda jicho linazoea. Unaanza kujua mshono uliofungwa na ule utakaoachia siku ya kwanza ya kufuliwa.

Tuanze na majina, maana watu wengi huibiwa hapo. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, lakini bado si wakili. Ili awe wakili lazima afaulu mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, akubaliwe na Jaji Mkuu, na jina lake liingie kwenye Daftari la Mawakili linalotunzwa Mahakama Kuu. Mafunzo hayo si lelemama. Mwaka 2022 mitaa ilizizima matokeo yalipoonyesha wanafunzi 26 tu kati ya 633 wamefaulu kwa mkupuo wa kwanza. Kwa hiyo wako wengi wenye shahada halali na maneno matamu ya kisheria, wasio na ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu kwa niaba yako. Yuko pia msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huyu ni mtu wa maana sana kwa ushauri na kwa kukuelekeza, ila naye si wakili.

Ukiingia ofisini, macho yatakimbilia fremu ukutani. Yarudishe. Cheti cha kukubaliwa kuwa wakili hutolewa mara moja maishani, na ndicho huwekwa kwenye fremu ya dhahabu. Fremu ya mwaka 2009 inakwambia kwamba mwaka 2009 mtu huyu alikuwa wakili, basi. Unachohitaji kukiona ni leseni ya mwaka huu. Leseni huisha 31 Desemba na lazima ihuishwe, kwa hiyo mtu uliyemkuta na leseni Novemba, mwulize tena Februari. Wala huhitaji kumkabili kwa maneno. Mahakama ya Tanzania ina mfumo uitwao e-Wakili. Ukiandika jina la wakili au namba yake ya daftari, unaona kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa au la. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye daladala. Wakili wa kweli hatakasirika ukimwomba namba yake, maana anaiandika kila siku kwenye nyaraka. Anayekujibu "Dada, huniamini?" ameshakujibu.

Muhuri usikutishe. Muhuri huchongwa mtaani huku unakunywa soda.

Hadi hapo umepima karatasi tu, na karatasi zikiwa safi zote bado hujui kama mtu huyu anaijua kazi ya ndoa. Wakili anaweza kuwa bingwa wa mikataba ya migodi na akawa mwanagenzi kwenye talaka. Ndiyo maana nasema msikilize anavyouliza, hasa swali lake la kwanza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema huwezi kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likathibitisha kwa hati yake kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ipo misamaha: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, ana kifungo cha miaka isiyopungua mitano, na mengine ya namna hiyo. Nje ya hapo, bila hati ya baraza huna shauri. Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyokwisha kuamuliwa huku chini, watu wanaamini wameachana kabisa, kwa sababu tu hati hiyo haikuwapo au haikuwa halali. Wakili anayejua kazi huuliza kuhusu baraza kabla hata hajauliza kisa. Asiyejua hukuacha umwage machozi saa nzima, akitikisa kichwa.

Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, alimpata wa namna hiyo. Ofisi ghorofa ya pili katikati ya mji, kiyoyozi, leseni hai. Huyu hakuwa kishoka hata kidogo. Alisikiliza kwa huruma, akachukua laki nane za mwanzo, akaandika ombi refu lenye maneno makali kuhusu shemeji yetu. Kwenye nafasi ya hati ya baraza akabandika barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa isemayo kwamba wanandoa hawa "wameshindwana". Siku ya siku, wakili wa upande wa pili alisimama na pingamizi la awali la ukurasa mmoja. Hakusema neno juu ya vipigo, wala nyumba, wala watoto. Alisema mwenyekiti wa mtaa si baraza. Nusu saa haikuisha, shauri likatupwa.

Dada akaenda baraza la kanisani, wakaitwa wote wawili, wakasikilizwa, hati ikatoka. Kisha akakaa kukusanya fedha upya. Alipompata wakili wa pili, mama mmoja wa makamo mwenye ofisi ya chumba kimoja, mimi nilikuwepo. Yule mama hakusema pole. Alinyoosha mkono, akasema, "Hati ya baraza, mwanangu." Akavaa miwani, akasoma tarehe, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu juu ya kalenda ya ukutani: Mei, Juni, Julai... Ilipofika saba akaishusha kalamu. "Hii imelala. Sheria inataka isizidi miezi sita siku tunapofungua. Rudi barazani, waeleze, wakupe nyingine. Fedha yako kaa nayo mpaka urudi." Alituonyesha kifungu kwa kidole, cha 106, kwenye kitabu kilichochakaa kona. Nilipotoka pale nilijua dada amepata wakili.

Swali la pili linalofaa kusikika ni la tarehe ya ndoa. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, huwezi kuomba talaka bila ruhusa ya mahakama. La tatu ni namna mlivyooana: kiserikali, kanisani, msikitini, kimila, au mliishi tu kama mke na mume. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona wanandoa wana dhana ya ndoa chini ya kifungu cha 160, na wakili mzembe huwaambia wanawake wa namna hii kwamba hawana kitu. Kwa Waislamu kuna njia yake ndani ya sheria hiyo hiyo pale talaka ya kidini ilipokwisha tolewa, nayo huanzia barazani vilevile. Kama ndoa yenu ni ya Unguja au Pemba, tafuta wakili wa huko. Sheria ya 1971 haivuki bahari, na kule yuko kadhi.

Sasa kuna mtihani mmoja ninaoupenda, ingawa mawakili wawili wamenichukia kwa ajili yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114. Hukumu hii kila anayejiita wakili wa ndoa ataitaja kabla hujamaliza kuketi. Mwache aitaje, kisha mwulize kwa adabu: na Bi Hawa mwenyewe aliondoka na nini?

Wengi husita. Jibu ni kwamba kwenye nyumba ile hakupata kitu. Mahakama iliona mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, Bi Hawa akazitapanya, na utapanyaji huo ukaumeza mchango wake wote. Kanuni aliyoiacha imewasaidia wanawake wengine kwa miaka arobaini, yeye akatoka mikono mitupu. Aliyeisoma hukumu ile mpaka mwisho hataishia kukujibu. Atakugeukia na maswali yasiyopendeza: Na wewe kuna fedha ulipewa? Mkopo wa saccos ulichukuliwa kwa jina la nani, na ulikwenda wapi? Kiwanja kilinunuliwa kabla ya ndoa au baada? Risiti za saruji ziko wapi, fundi aliyejenga msingi yu hai, daftari la kikoba unalo? Mahakama hugawa kwa ushahidi wa mchango, na yote haya yataulizwa na upande wa pili. Heri yaulizwe kwanza na mtu unayemlipa. Ukitoka kwa wakili mara ya kwanza umefarijika sana, shuku kidogo. Ukitoka umechoka, huku unakumbuka karatasi zilizo chini ya godoro kwa mama yako, huenda uko mahali pazuri.

Akiuliza kama nyumba mnayoishi ina hati, na kama mwenzako ameanza kuleta watu kuiangalia, mpe maksi zaidi. Sheria hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, na wakili aliye macho huwahi kuweka zuio kwa msajili wa hati mapema. Kuna wanaokumbuka zuio wakati mnunuzi ameshapaka rangi.

Mwingine atakwambia jambo linalomnyima fedha: kwamba shauri lako dogo linaweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na pengine humhitaji yeye kabisa. Mahakama zile kwa miaka mingi hazikuruhusu mawakili, na watu waliachana na kugawana mali vizuri tu. Wakili aliyekwambia hivyo, tunza namba yake. Siku ya rufaa utamtafuta.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana hapa kila mtu ana kidonda chake. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoongoza viwango, lakini wewe dai makubaliano ya maandishi: kiasi gani, kwa awamu ngapi, na kinafika wapi. Rufaa mara nyingi haimo. Kukaza hukumu pia huwa hakumo, na hukumu ya mgawanyo wa mali isiyokazwa ni karatasi tu ukutani. Ada ya mahakama hulipwa kwa kontroli namba ya serikali. Omba namba hiyo ulipe mwenyewe kwenye simu, uone kiasi halisi kabla ya kuambiwa kingine. Ada ya wakili idai risiti ya EFD. Anayetaka fungu la nyumba badala ya ada, mimi ningemkimbia. Siku utakapohitaji kubaki na funguo, yeye atahitaji iuzwe. Na akitaja "hela ya kumuona hakimu", iwe elfu hamsini au milioni, inuka. Pengine hakimu hajui hata kwamba ameuzwa.

Mwenendo mwingine hauandikwi kwenye leseni. Mwulize siku ya shauri atasimama nani. Nimeona mashauri ya ndoa yakiahirishwa mara nne kwa sababu kila mara anakuja kijana mpya "kushikia faili la wakili msomi", hajui hata majina ya watoto. Mwulize kama amewahi kumfanyia kazi mwenzako au ndugu zake. Katiba ya kampuni ya shemeji ikiwa imeandikwa kwenye meza ile ile, yule si wakili wako. Anayejitolea kuwawakilisha nyote wawili "ili iwe nafuu" mshukuru, uondoke. Anayekufundisha uongeze kipigo ambacho hakikutokea atakuacha peke yako kizimbani siku utakapohojiwa tarehe. Na kina dada, wakili anayeanza kukuandikia ujumbe saa tano usiku, akikuita mrembo wakati hujapata hata namba ya shauri, hana shida na sheria za ndoa. Ana shida nyingine.

Omba rasimu ya ombi lako kabla haijafunguliwa, na uiombe kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kutia saini chini ya maisha yako yaliyoandikwa kwa lugha usiyoisoma vizuri. Soma polepole. Ukikuta jina la mtoto wa mteja mwingine, kama nilivyowahi kukuta, ujue ombi lako ni nakala ya la jana.

Mambo yakiharibika, malalamiko juu ya maadili ya wakili hupelekwa Kamati ya Mawakili, ambayo inaweza kumwonya, kumsimamisha, au kuagiza jina lake liondolewe daftarini. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho hupokea watu. Ila njia hizo ni ndefu, na wewe una tarehe mahakamani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tunza nakala ya kila karatasi unayompa, kwenye bahasha yako mwenyewe, hati ya baraza ikiwa juu. Dada alipohama kutoka kwa wakili wa kwanza, aliambiwa faili limepotea. Lilipatikana siku tatu baadaye, alipokwenda na kaka zetu wawili, wakakaa mapokezi tangu asubuhi bila kusema neno.